Muulize Dakta Diski: Folda Imegoma Kuhama

*Shikamoo Dakta. Kompyuta yangu ya nyumbani imejaa pomoni. Nimekuta folda inaitwa Windows.old, GB 24. Nikiifuta naambiwa sina ruhusa. Sina ruhusa, na kompyuta nimenunua kwa hela yangu! Nifanyeje?*
*Mwenye Mali Asiye na Mamlaka, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Kwanza pokea pongezi. Washauri wamejaa mjini, lakini wewe umemwandikia yule ambaye mafundi wa Kariakoo wakikwama hujikoholesha kidogo, kisha huulizia ninapokaa. Sisemi haya kwa kujisifu. Kujisifu kunakuja baadaye.

Folda yako naijua, na ukoo wake naujua. Hiyo ndiyo Windows yako ya zamani. Microsoft iliposimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, watu walikimbilia 11, na wewe bila shaka ulifuata msafara. Sasa ile mpya ikiingia haiitupi ya zamani nje. Inaiwekea chumba na virago vyake vyote, ili ukijuta uweze kuirudisha ndani ya siku 10. Zamani muda huo ulikuwa siku 30. Wakaupunguza mwaka 2016, bila kuniuliza.

Kwa hiyo una mpangaji asiyetaka kuhama, na kwa wapangaji mimi ni bingwa. Dawa ya kwanza: mpe notisi ya maandishi, ibandike kwenye skrini, nakala kwa mjumbe. Ya pili: taarabu. Weka mipasho kwa sauti ya juu, elekeza spika kwenye diski, kuanzia magharibi hadi majirani waje kugonga. Mpangaji wangu wa uani alihama kwa njia hii hii. Wapo wanaodai alihama kwa sababu ya bati kuvuja, lakini mji huu haujawahi kukosa wenye wivu.

Na kwa kuwa umenikumbusha wivu: jirani yangu, mwalimu mstaafu, printa yake iligoma. Niliingia sebuleni, hata viatu sijavua, ikaanza kutema karatasi. Mkewe akasema eti ni mtoto ndiye aliyechomeka waya. Nikanywa chai yao, nikanyamaza. Wakubwa hatubishani na ushahidi.

Tulikuwa wapi? Ruhusa. Mafaili mengi ya mle ndani hayako kwa jina lako, yako kwa jina la TrustedInstaller, mlinzi aliyeajiriwa tangu enzi za Windows Vista ili watu wenye hasira wasifute mfumo. Hata ukiingia kama administreta, anakutazama tu. Vijana watakuambia ufungue ile skrini nyeusi uandike takeown na icacls. Amri hizo ni za kweli na zina nguvu, na hapo ndipo penye balaa: ukikosea jina la folda ukaitaja Windows iliyo hai, utafuta nyumba badala ya mpangaji. Wateja wa aina hiyo huniletea kompyuta ndani ya kanga, kama maiti, nami hutoza mara mbili.

Mhariri ananionyesha saa, basi andika haraka. Chungulia kwanza ndani ya Windows.old, folda ya Users. Kama kuna picha za harusi, zihamishe, maana ikifutwa haipiti kwenye pipa la taka na Windows ya zamani hairudi tena. Kisha fungua Settings, System, Storage, halafu Temporary files. Tia tiki kwenye Previous Windows installation. Angalia vizuri: humo humo kuna kisanduku cha Downloads. Ukikipa tiki, umefuta na fomu za mkopo. Bonyeza Remove files, mlinzi mwenyewe atafungua mlango. Kama sehemu hiyo huioni, tafuta Disk Cleanup, ubonyeze Clean up system files.

Jambo la mwisho. Siku hizo 10 zikipita, kwa kawaida Windows huifuta folda hiyo yenyewe. Barua yako imekaa mezani kwangu zaidi ya hapo, kwa hiyo huenda ukikagua leo ukakuta imeshaondoka. Kama imeondoka, usinishukuru sana. Ada ni ile ile.