Mlinzi wa Mkate

Tch! Kuna neno la Kiingereza tunalibeba mdomoni kila siku na hakuna aliyewahi kulifungua aone ndani lina nini. Jana jioni hapa kijiweni, kahawa haijapoa, jamaa yetu aliyetoka kusikiliza kesi Mahakama Kuu akawa anatusimulia mawakili walivyokuwa wakiinama, "My Lord" huku, "My Lord" kule. Mwenzake akadakia: "Hata yule anayetaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo ni landlord. Na yeye nimwinamie?" Watu wakacheka. Mimi neno likanikaa kooni.

Sikilizeni, jamani. Hilo "lord" asili yake ni jikoni. Waingereza wa kale, miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, walisema "hlafweard". "Hlaf" ni mkate, "weard" ni mlinzi. Mlinzi wa mkate! Mkubwa wa kaya ndiye aliyekuwa wa kuulizwa watu wake wakilala njaa. Ndimi zikalitafuna neno karne baada ya karne, likawa hlaford, likawa laverd, mwisho likabaki silabi moja tu, lord. Mkate wenyewe ukaliwa humo humo ndani ya neno, na leo hata mwenye lugha yake hausikii.

Na lady? Alikuwa "hlæfdige", mkanda mkate. Hebu geuzeni shingo mtazame meza ya mama wa chapati pale kwenye kona. Ngumi zimezama kwenye donge la unga hadi vifundoni. Anakunja, anasukuma kwa kiganja, anageuza, anakunja tena, na meza inalia kila anapoegemea. Kwa Kiingereza cha kale, lady ndiye huyo. Na yule mtoto anayemsaidia kuosha vyombo, ambaye kila asubuhi hupewa chapati ya kwanza kabla ya mteja yeyote, naye ana jina lake: "hlafæta", mla mkate, yaani mtu anayeishi kwa mkate wa nyumba ya mwingine. Mla mkate yumo kwenye sheria za mfalme Æthelberht wa Kent, za miaka ya 600 hivi, ambazo ndizo kongwe kuliko zote tulizonazo kwa Kiingereza. Ukimuua mla mkate wa mwananchi wa kawaida, ulilipa shilingi 6. Ndiyo, shilingi, jina lilelile la hela iliyomo mfukoni mwako.

Nyumba ilikuwa imekamilika: mmoja analinda, mmoja anakanda, mwingine anakula, na mkate ni mmoja.

Halafu tazameni neno lilivyotembea. Makasisi wakamwitia Mungu. Wanormani wakaivamia Uingereza mwaka 1066, ardhi wakagawiana wakubwa wao, lord akawa mwenye ardhi na mwenye amri juu ya wanaoilima. Bunge lao likawa na ukumbi mzima wa malodi, na hadi mwaka 1999 mamia walikuwa wakikalia viti humo kwa kurithi tu kutoka kwa baba. Mwenye nyumba ya kupanga akaitwa landlord, mwenye baa naye vilevile. Mlevi wa kupindukia wakasema amelewa kama lord. Na mbabe wa vita, anayechoma maghala ya chakula cha watu, eti naye ni warlord! Hapo ndipo ninaposonya. Jina la mlinzi wa mkate kumvisha mchoma ghala.

Majirani zetu wa Kenya walimpata wa kwao, mlowezi Lord Delamere. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimpa ekari 100,000 kule Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka uliofuata Wamasai wakahamishwa kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa kupisha walowezi. Delamere alipanda ngano, ugonjwa wa kutu ukaifyeka, akagharimia utafiti wa mbegu itakayohimili, na mwaka 1908 ikaanzishwa kampuni ya kusaga, Unga Limited, yeye akiwa mmoja wa waanzilishi. Lord wa kweli, na ngano ya kweli. Lakini aliyehamishwa na ng'ombe wake, mkate wake alilindiwa na nani?

Na sisi tusijione tumesalimika. Neno letu "bwana" wajuzi wengi hulirudisha kwenye Kiarabu, "abuna", baba yetu. Leo tuna Bwana Mungu, bwana wa fulani, bwana shamba, bwana afya, na "acha hizo bwana" unayomtupia hata muuza karanga. Mzungu akitusimamia shambani na kiboko mkononi, tulimwita bwana huyohuyo. Baba ni mtu ambaye akiingia ndani watoto hukimbilia kutazama mfuko alioushika. Hilo ndilo lililopotea katika maneno yote mawili, na linaniuma, maana cheo kimebaki na mfuko haupo.

Kwa hiyo wewe unayedaiwa kodi ya miezi 6, baba mwenye nyumba akija kesho usimfungie mlango. Mlete hapa, tumpishe kwenye benchi, tumwagizie kahawa na chapati ya moto. Kabla hajafungua daftari lake la kodi, nitamweleza mimi mwenyewe anaitwaje.