Kichwa cha Elfu Thelathini

Duka nililonunulia pikipiki walinipa kofia ngumu ya bure. Sasa mtu akikupa bure kitu cha kukinga ubongo, halafu papo hapo akakutoza pesa ya kufunga vioo vya pembeni, ujue thamani ya kichwa chako ameshaipigia hesabu na jibu amelipata. Kofia yenyewe ilikuwa nyeusi ya kung'aa, ubavuni imebandikwa picha ya tai aliyekasirika. Niliigonga kwa kucha ikalia kama beseni la plastiki. Ndani kulikuwa na kitambaa laini, na nyuma ya kitambaa hapakuwa na kitu. Klipu ya mkanda wa kidevuni ilifunguka nilipopiga chafya.

Nikasema hapana. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaosoma, nina mkopo ambao hata nikifa utaendelea kuniulizia nyumbani. Ikiwa foleni ya Mbagala imenishinda mpaka nimeamua kupanda pikipiki uzeeni, basi nitavaa inavyotakiwa, kuanzia utosini mpaka unyayoni. Kumbe katika jiji hili lote la Dar es Salaam, kila mtu yuko tayari kukushauri kuhusu kwenda mbio, ila wa kukushauri kuhusu kuanguka humpati.

Nilianza na vijana wa kijiwe cha bodaboda pale kona ya mtaani kwetu, maana wao ndio wanaoshinda juu ya pikipiki. Mavazi yao mnayajua. Juu ni koti zito la mtumba, lile la watu wa theluji, limevaliwa kinyumenyume: mgongo wa koti uko kifuani, zipu iko mgongoni. Chini ni kandambili. Elementi, yaani kofia ngumu, imetundikwa kwenye kioo cha pembeni, nayo hupanda kichwani pale tu trafiki anapoonekana kwa mbali. Nikamuuliza mmoja, joto lote hili, nyuzi 32 na jasho la baharini juu yake, koti la nini? Akanijibu kwa upole, "Mzee wangu, upepo huu ukikuingia kifuani, nimonia hiyo."

Jibu lile limenikaa mpaka leo. Kijana anapita katikati ya malori mawili ya mchanga kule Kongowe, breki ya mbele ilishakufa, abiria kabeba jiko la gesi, na anachokiogopa ni nimonia! Upepo amejikinga nao. Trafiki amejikinga naye. Lami, ambayo haijawahi kwenda likizo, ipo palepale chini inamsubiri, hakuna anayeivalia nguo.

Kariakoo nako nikakuta hesabu ni hiyohiyo.

"Karibu bosi," muuzaji alinipokea. "Unataka elementi ya trafiki au ya safari?"

Nilikuwa sijasikia kwamba ziko za aina mbili.

"Ya trafiki elfu thelathini. Ya safari laki tatu na nusu, ila wewe tutaongea."

"Zinatofautiana nini?"

"Hii, trafiki akikuona nayo anakuachia upite."

"Na nikianguka nayo?"

Akakunja uso. "Mungu apishe mbali, bosi. Kwa nini uanguke?"

Yaani mimi ndiye mkosaji! Nimekuja kununua kitu ambacho kazi yake duniani ni moja tu, na kuitaja kazi hiyo ni uchuro. Nyumbani ilikuwa vilevile. Mke wangu alipoona nimeandika kwenye karatasi "kikinga mgongo", aliuliza kwa sauti ya chini mgongo umefanya nini. Nilipomwambia haujafanya kitu, akasema ninajichuria. Mama mkwe naye akapiga simu, kasikia ninatafuta glavu na buti, akataka kujua kama kuna jambo nyumbani tunamficha. Na hawa ndio watu ambao kila mwisho wa mwezi tunatoa nao mchango wa chama cha kuzikana bila kukosa. Sanda tumeshailipia, jeneza tumeshalilipia, wali wa matanga umeshapangiwa bajeti, na huo hauitwi uchuro bali busara. Glavu ndiyo inayoita kifo.

Turudi Kariakoo. Nikamwambia muuzaji nataka yenye alama ya ubora. Akainama chini ya meza, akaibuka na bunda la stika. "Nikubandikie ya DOT au ya E?"

Hapa naomba nieleze kidogo, kwa kuwa muuzaji hatakueleza. DOT ni alama ya Marekani, na huko mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe kwamba kofia yake inafaa. Serikali huja baadaye, ikachukua chache za kupima. Ni mtihani ambao mwanafunzi anajisahihishia, na mwalimu akipata nafasi anapitia. Ile ya E ni ya kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22, ambayo toleo lake la sasa ni la 06. Kofia hupimwa kwanza ndipo iuzwe, na lebo yake hushonwa ndani, mara nyingi kwenye mkanda wa kidevuni: herufi E kwenye duara, na pembeni yake namba ya nchi iliyoidhinisha. Moja ni Ujerumani, mbili Ufaransa, tatu Italia. Stika za yule bwana zilikuwa na E tupu, haina namba. Nadhani zimeidhinishwa na nchi ambayo bado haijapata uhuru.

Alipoona nasitasita, akaichukua ile ya laki tatu na nusu akaibamiza sakafuni, pwaa, kunionyesha ugumu. Akaiokota, akaifuta vumbi kwa kiganja, akanikabidhi. Ndiyo hiyohiyo aliyotaka niinunue. Wasomaji wangu, kinachookoa ubongo si lile gamba la nje wala tai aliyechorwa juu yake. Ni tabaka la povu gumu jeupe lililo ndani, ndugu wa lile linalozungushiwa televisheni kwenye boksi. Ukigonga kitu, povu linapondeka na kuumeza ule mshindo, kichwa kinapata nafasi ya kusimama polepole. Likishapondeka halirudi. Kwa macho kofia itang'aa, tai atakasirika vilevile, ila ndani kazi imeshakwisha. Kwa sababu hiyo kofia ya mtumba siitaki hata kwa zawadi; haina kinywa cha kunisimulia ilikotoka. Nikaomba nyingine iliyo ndani ya boksi, muuzaji akaniona mjivuni.

Ukubwa nao ni ugomvi. Kofia inatakiwa ikubane mashavu mpaka ufanane na mtoto anayepuliza puto, na ukiitikisa ngozi ya paji la uso iende nayo. Mimi nilikwenda nimejipima kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi na kuzunguka kisogo, sentimita 60. Fundi aliuliza kama ni kofia ya harusi. Muuzaji yeye hakuwa na habari na sentimita, alinipa ile iliyoingia bila kuvuta masikio, akasema "hii imekukaa". Ilinikaa kweli, niligeuza shingo kulia, kofia ikabaki imetazama mbele. Nikachukua iliyobana. Nikiwa ndani yake sikuisikia bei, na nilipoivua bei ilikuwa imepanda.

Jirani yangu, mwanamume wa kubishana na redio, aliposikia kwamba maabarani kipimo kikuu ni kuiangusha kofia kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, akapiga hesabu akacheka. "Hiyo ni kilomita 27 kwa saa! Bajaji iliyobeba magunia inakwenda hivyo. Umeliwa." Nikamweleza kwamba kichwa hakianguki kwa kasi ya pikipiki, kinaanguka kwa kasi ya kutoka juu ya siti kuja chini, na ule mwendo wa kwenda mbele mara nyingi huishia katika kuburuzika. Ukigonga nguzo uso kwa uso, ni habari nyingine. Akasema basi na yeye akipanda juu ya paa avae kofia. Ningekuwa mimi ningevaa, kwa namna ninavyolijua lile paa lake.

Msidhani ubishi huu ni wetu peke yetu. Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence, yule maarufu wa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki yake bila kofia, akafa baada ya siku chache. Mmoja wa madaktari walioitwa, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, hakuliacha jambo lile lipite. Alikaa akachunguza vifo vya wapanda pikipiki, akachapisha matokeo mwaka 1941, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha wabeba ujumbe wake wavae kofia. Raia wa kawaida walilazimishwa mwaka 1973. Zaidi ya miaka thelathini ya kuambiana "kwa nini uanguke?" Leo hesabu zipo wazi: mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa 2008 yalionyesha kofia inapunguza hatari ya kufa kwa takribani asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Huko Vietnam, watu waliziita kofia hizo masufuria ya umeme ya kupikia wali, mpaka sheria ya Desemba 2007 ilipowavisha wote.

Jaketi sasa. Majaketi mengi mazuri ya pikipiki yameshonwa kwa ajili ya watu wanaopanda pikipiki Jumapili kwenye milima yenye baridi, kisha wanakunywa kahawa. Ngozi nene, bitana, kola mpaka masikioni. Livae hilo, foleni ikusimamishe pale Mtoni kwa Azizi Ally saa nane mchana, utaomba mwenyewe ajali itokee upigwe upepo. Nilikwenda soko la Karume kutafuta la mtumba, nikayapata mazuri, tena ya pesa ya kawaida, lakini kila nililoligusa mifuko ya mabegani na viwikoni ilikuwa mitupu. Vikinga vimetolewa. Nikauliza viko wapi. "Tulivitoa, mzee, vilikuwa vinalifanya jaketi lionekane nene."

Vile ndivyo vilikuwa jaketi! Kilichobaki ni koti tu. Kikinga halali cha bega, kiwiko au goti kina maandishi EN 1621-1 na daraja lake: la kwanza kinaruhusu wastani wa hadi kiloniutoni 35 za kipigo zipenye, la pili 20. Kwa hiyo ndogo ndiyo bora, jambo ambalo nilishindwa kabisa kumweleza muuzaji aliyedai ana cha 35 "chenye nguvu zaidi". Mwisho nilichukua la kitambaa cha wavu, lenye vikinga vyake, ambalo ukitembea linapitisha hewa na ukisimama unachemka. Kwa Dar sioni lingine.

Kwenye glavu sina mzaha. Mtu akianguka, kinachotangulia ni kiganja, hata uwe shujaa wa namna gani; mwili haukuombi ruhusa. Na glavu ndicho kitu cha bei nafuu kuliko vyote, na ndicho ambacho hakuna anayekivaa. Viatu vivuke vifundo vya miguu. Jinzi ya kawaida kwenye lami ni mapambo. Haya, tuendelee.

Kuna huyu abiria wa nyuma. Kigali abiria wa pikipiki anavaa kofia kama dereva, hana mjadala. Kwangu mimi, mjadala ulianza Jumamosi, mke wangu alipotoka kusuka. Kofia yake nilimnunulia, yenye lebo yake na namba yake. Aliitazama, akashika nywele, akataja bei ya msusi. Nikataja bei ya kofia. Akasema basi aivae kesho. Siku hiyo akapanda bajaji, mimi nikafuata nyuma na kofia mbili, moja kichwani na nyingine mkononi, watu wakidhani nafanya biashara.

Na ukishavaa vyote hivyo ukafika kazini, uviweke wapi? Nchi hii haijatenga mahali. Kofia iko juu ya kabati la mafaili, jaketi liko mgongoni mwa kiti linanuka juhudi, buti ziko chini ya meza. Mkuu wangu wa idara kila asubuhi huniuliza kama moto umezimika.

Juzi jioni nikasimama pale kijiweni kununua vocha, nimevaa vyote, nimebanwa mashavu. Yule kijana wa nimonia akanizunguka, akabonyeza bega, akabonyeza kiwiko, akagonga goti.

"Mzee wangu, pole. Ulianguka wapi?"

Nikamwambia sijaanguka.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akawageukia wenzake, wakatazamana. "Sasa mzee, kama hujaanguka, haya yote ya nini?" Kabla sijajibu akapata abiria, mama na mtoto mgongoni na ndoo ya dagaa. Akalivuta koti lake vizuri kifuani, akapiga kiki, akaniambia niwe mwangalifu na ule upepo.