Mshusheni Atembee

Kitinda mimba wetu ametimiza miaka mitatu na nusu, na hapa nyumbani Ruring'u kigari chake kimezua mjadala usioisha. Baba yake anakipenda. Alikinunua kwenye mitumba ya Karatina mtoto akiwa mchanga, akabadilisha skrubu, akakitia mafuta, na hadi leo anapotoka nacho dukani hurudi na mtoto juu, unga na mkaa chini. Cucu, nyanya yake mtoto, hakukikubali tangu siku ya kwanza. Watoto wake aliwabeba kwa ngoi, na kila mmoja alishuka mgongoni mdogo wake alipozaliwa. "Mwanangu, anayefukuza kuku hasukumwi," huniambia.

Nyeri yenyewe iko upande wa Cucu. Mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na njia za mitaani kwetu ni kupanda na kushuka. Mvua ya njahi ikinyesha, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu hunata kwenye kila kinachozunguka.

Jumamosi moja ya Aprili tulikuwa tunatoka sokoni mjini. Kwenye stendi, makanga alimtazama mtoto kuanzia kichwani hadi viatuni. Tangu kanuni za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, zianze kutekelezwa Februari 2004, abiria wa matatu anatakiwa kuwa na kiti na mkanda wake, na wa kupakatwa ni wale wadogo tu. "Mathe, huyu ni wa kiti," akasema. Kigari nacho kilikataa kuingia kwenye buti, kikalipiwa kiti cha pili.

Tuliposhuka, mvua ilikuwa imetutangulia. Katikati ya mlima gurudumu la mbele lilijaa matope likakwama. Nikasukuma kwa nguvu, likachomoka, likaviringika hadi mtaroni na kabeji ikalifuata. Mtoto akafungua mkanda mwenyewe, akashuka, akaingia mtaroni na gambuti zake, akaitoa kabeji kwa mikono miwili na kuikalisha pale alipokuwa ameketi. Kisha akashika mpini. "Nasukuma mimi!"

Nikainua mbele, yeye akasukuma nyuma, tukapanda. Alisimama kumtazama konokono. Alisimama tena kumpisha mzee mwenye mkokoteni wa napia, akamsalimu, akajibiwa. Tulichelewa mno, lakini kubebwa hakuomba hata mara moja.

Usiku ule mjadala ulianza upya, na safari hii nilikuwa na la kusema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 auchangamshe mwili kwa angalau dakika 180 kwa siku, 60 kati ya hizo akikimbia na kuruka hasa, na asifungwe kwenye kigari zaidi ya saa moja mfululizo. Cucu akapiga makofi. Nikaendelea: kwa walio wadogo zaidi, saa hiyo moja inahusu pia mgongo wa mlezi. Baba yake naye akapiga makofi.

Lakini kikomo cha kusukumwa nilikiona pale mlimani, si kwenye mwongozo. Miguu ya mtoto ilikuwa tayari zamani. Kilichokuwa kinamrudisha kwenye kigari ni haraka yetu sisi wakubwa, ya kuwahi matatu, kuwahi duka, kuwahi kupika. Januari ijayo, akikaribia kutimiza miaka minne, ataanza chekechea, darasa la PP1, na njia ya shule ataipanda kwa miguu. Afadhali aizoee sasa, akiwa ameshikwa mkono.

Kwa hiyo tumeamua. Kigari kimepata gurudumu jingine na kimepelekwa Mweiga kwa dada yangu, aliyejifungua juzi. Leso inabaki kwenye mkoba wangu, kwa sababu mtoto wa umri huu bado huchoka na bado husinzia, na kilo 14 mgongoni jioni ya ukungu ni mzigo ninaoupokea kwa moyo mmoja. Penye bodaboda nyingi, mkono hauachiwi. Na tukiwa na safari, tunatoka nyumbani nusu saa mapema, ili konokono nao watazamwe.