Yah: Ombi la Rula Ndefu Zaidi kwa Ajili ya Madamu

Mwenyekiti wa Bodi,
Chuo cha Ualimu cha Wanawake
(jina la chuo tumelihifadhi, kwa kuwa sketi zetu bado zinapimwa).

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sisi wanachuo wa stashahada, mwaka wa pili, tunaishukuru Bodi kwa kutuletea mkufunzi mpya wa nidhamu. Kabla hajaja tulikuwa tunaishi gizani. Hatukujua kuwa taifa linaweza kuyumba kwa sentimita mbili za pindo. Sasa kila asubuhi paredini Madamu anainama na rula yake, anasoma, anainuka, anaandika. Takwimu za magoti zilizomo katika daftari lake zimeshapita idadi ya vitabu vya maktaba yetu.

Nywele zisizidi urefu wa njiti ya kiberiti. Simu zinalala stoo hadi Jumamosi. Kwenda sokoni kununua sabuni ni mpaka barua ya mzazi. Mwenzetu mmoja, mke wa mtu na mama wa watoto wawili, alimpigia baba yake kijijini kuomba hiyo barua. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza mkwe wake amefariki lini.

Hapa tunaomba Bodi itusaidie hesabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimwona binti wa miaka 15 anatosha kuolewa, mradi mzazi aridhie. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alipokwenda kuipinga, Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Kwa hiyo katika nchi hii binti aliweza kukabidhiwa mume, jiko na wakwe akiwa na miaka 15, ila akifikisha 23 akawa chuoni, hakabidhiki mche wa sabuni.

Fimbo hajatushikia, tunakiri. Kanuni za mwaka 2002 za viboko shuleni zinataka visizidi vinne na viandikwe kitabuni. Adhabu ya kufyeka haijatungiwa kanuni ya namna hiyo, ndiyo maana tunafyeka mpaka jua linazama.

Na haki isemwe: darasani Madamu ni mwalimu hasa. Anaingia na andalio la somo mkononi, kengele haijamaliza kulia. Kazi zetu anazisahihisha na kuzirudisha wiki hiyo hiyo, jambo ambalo hapa chuoni tulikuwa tunalisikia kama hadithi za mababu. Somo lake ni malezi na ushauri nasaha, na ni yeye aliyetufundisha kwamba mwanafunzi haaibishwi mbele ya wenzake. Tuliliandika vizuri sana. Kesho yake paredini wawili wakapandishwa jukwaani wageuke taratibu, chuo kizima kione pindo.

Ndiyo maana hatuombi Madamu ahamishwe. Tunaomba aongezewe eneo la kazi.

Aanze na bwalo, apime kina cha mchuzi na idadi ya wadudu kwa kila kijiko cha maharage. Mzabuni naye asimame paredini, ageuke taratibu.

Kisha, Mheshimiwa, apande ghorofani, kwenye ofisi fulani ambako alama za mwanachuo hupotea mchana na kupatikana jioni, akizifuata peke yake. Tunaelezwa kwamba sketi hupimwa ili tusiwatie wakufunzi majaribuni. Hatuna ubishi. Tunauliza tu kwa nini anayejaribiwa hapimwi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtaja mtu wa namna hiyo, na haikusema neno juu ya urefu wa nguo ya aliyeitwa ofisini. Rula ya sentimita 30 ingetosha kabisa: mlango ule uwe wazi kwa kiasi hicho kila mwanachuo anapokuwa ndani, na Madamu apite jioni kupima, aandike katika daftari lake lile lile. Siku mlango utakapopungua hata sentimita mbili, aupigie kengele kama anavyotupigia sisi.

Mwakani tutakuwa walimu. Tutapelekwa vijijini, tukabidhiwe darasa la watoto mia, ofisi bila kiti na funguo za stoo. Tutafurahi kama mpaka hapo tutakuwa tumeshaaminiwa kushika sabuni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wanachuo wa mwaka wa pili.

Nakala:
Mzabuni wa chakula – kwa utekelezaji.
Ofisi ya ghorofani – mlango ukiwa wazi.
Madamu – atusahihishie, na aturudishie wiki hii hii kama kawaida yake.