Mkunjo wa Buti la Baba

Nyumbani kwetu Chumbageni, Tanga, gari la Baba lilikuwa na cheo chake. Ni Peugeot 504 ya buluu, aliyoinunua mnadani enzi alipokuwa akifundisha. Mtu akithubutu kusema liuzwe, Baba humkumbusha kwamba gari la aina hiyo ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na kwamba mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alirudia ushindi huo kwa 504 ya milango miwili. Mazungumzo ya kuuza huishia hapo.

Lakini sifa hazikingi jua. Macho ya Baba yalipoanza kumsumbua aliacha kuendesha, gari likaegeshwa chini ya mwembe, na kila mmoja wetu akawa analipita tu akienda zake. Utomvu ukalidondokea. Kunguru wakalifanya choo, na kinyesi cha ndege kina asidi inayokula rangi, hasa kikikaukia juani. Upepo wa bahari ukaleta chumvi yake. Jua, ambalo ndilo adui mkubwa kuliko wote, likavunjavunja gundi inayoshikamanisha chembe za rangi. Buluu ikafifia ikawa kijivu, na ukipitisha kiganja juu ya paa kilitoka na unga mweupe kama wa chaki.

Ndipo mdogo wetu wa mwisho akaposwa, na Mama akatoa amri. "Mwanangu atatoka humu ndani kwa gari la baba yake. Sitaki la kukodi."

Injini haikutusumbua. Makanika alibadilisha betri, mipira na mafuta, gari likanguruma. Kilichogawa nyumba ni rangi.

Upande mmoja alikuwa Mjomba, kaka yake Mama, aliyefanya kazi ya kupaka magari rangi mpaka alipostaafu. Yeye alisema gari lisuguliwe kwa mkono. Upande wa pili alikuwa Shemeji, mume wa dada yangu, kijana mchangamfu asiyependa kazi ilale. Yeye alitaka mashine.

"Niwie radhi, Mjomba," alisema, "kwa mkono tutafika siku ya harusi hata mlango mmoja haujaisha."

"Mwanangu," Mjomba akamjibu, "rangi haioti. Ukishaiondoa, imeondoka."

Yaliyofuata yalitokea Mjomba alipokwenda Pangani mazikoni. Jirani yetu kijana huchomelea mageti, na ana grainda ya kukatia vyuma. Shemeji aliiazima, akaifunga pedi ya manyoya, akapaka dawa ya kusugulia, akaanzia kwenye buti. Anayeijua 504 anajua kuwa buti lake si bapa: linakwenda, kisha katikati linakunjika na kuinamia nyuma. Mkunjo huo ndio urembo wa gari lile. Shemeji alipita sehemu ya juu, ikang'aa kweli, tukapiga makofi. Akateremka hadi kwenye mkunjo. Harufu ya kuungua ikapanda, dawa ikaruka hadi ukutani, na alipoinua mashine tukaona mstari wa kijivu, praima tupu, ile rangi ya chini kabisa, na katikati yake bati linametameta.

Hakuna aliyepiga kelele. Baba aliinuka kibarazani, akashika bega langu, akaja mpaka kwenye gari. Alipapasa buti kwa kidole hadi akafika pale. "Hapa pameingia," alisema, akarudi kuketi. Shemeji hakula chakula cha usiku. Nilimwonea huruma, maana alitaka kumfurahisha mkwewe na hakuna aliyekuwa amemweleza tofauti ya mashine na mashine.

Mjomba alimweleza aliporudi, na hakumwelezea kwa hasira. Grainda ndogo ya kukatia chuma huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya mzunguko iliyotengenezwa kwa ajili ya kung'arisha rangi huanzia mizunguko 600 hivi na haizidi sana 3,000, na fundi mwangalifu hukaa chini zaidi ya hapo. Mwendo wa grainda huzaa joto, na joto hulainisha rangi mpaka pedi ikaibeba. Tena kwenye mkunjo na kingo, rangi huwa nyembamba tangu kiwandani, na pedi nzima hubonyeza mahali pembamba kama ncha ya kidole. Rangi ya gari la kiwandani, kuanzia praima hadi juu, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150. Unywele mmoja wa mtu una mikroni 70 hivi. Mtu anayesugua gari anacheza na unene wa nywele mbili.

Kisha Mjomba akaomba fulana kuukuu ya Baba, nyeupe, akaipaka dawa kidogo na kusugua mlango mahali pamoja. Fulana ikageuka buluu. "Mmeona? Gari hili halina klia," alisema. Magari mengi yaliyoanza kutoka viwandani miaka ya 1980 na kuendelea yana tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Ukisugua gari la namna hiyo kitambaa hakipati rangi ya gari, kwa sababu unagusa klia tu. Magari ya zamani kama letu yana rangi moja kwa moja hadi juu, kwa hiyo kila unachoondoa ni buluu yenyewe. Habari njema ni kwamba ule unga ni ngozi ya juu iliyokufa, na chini yake rangi mara nyingi bado ni hai. Gari lenye klia iliyobanduka vipande vipande halina bahati hiyo: pale mkono hausaidii, mashine haisaidii, dawa yake ni kupaka upya.

Kazi ikaanza upya, safari hii kwa utaratibu. Tulilimwagia maji mengi kwanza ili mchanga utoke, kwa sababu ukisugua vumbi kavu unapitisha msasa. Tukaosha kwa shampuu ya magari na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Utomvu na uchafu uliong'ang'ania ulitolewa kwa ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiteleza juu ya maji ya sabuni. Mjomba akapaka dawa laini yenye mafuta mengi gari zima, akaliacha lilale nayo, maana rangi kavu ya zamani hunywa mafuta na kurudisha kina chake kabla hujaigusa kwa kitu kikali. Asubuhi tulipofuta, buluu ilikuwa imeanza kuonekana, na nguo ya kufutia ikabadilika rangi mara moja.

Hapo ndipo vita ya pili ikazuka. Fulana za Baba ziliisha, na mtu mmoja, ambaye hadi leo hajajitokeza, alichukua khanga ya Mama kwenye kamba. Mama aliikuta ndani ya ndoo, doti iliyokuwa haijamaliza hata mwezi, upande mmoja umegeuka buluu. Kazi ilisimama mpaka dada yangu alipokwenda sokoni kununua vitambaa laini vya kufutia magari. Kwa gari ilikuwa heri, kwa sababu pamba ngumu yenye mshono huacha michubuko kwenye rangi laini.

Tulisugua kwa mkono, kila mtu na sehemu yake, kwa sponji bapa ili vidole visibonyeze mahali pamoja. Mkono una fadhila zake. Unahisi joto, unahisi ukingo, unaingia nyuma ya kitasa na kandokando ya taa, na ni vigumu mno kutoboa rangi kwa mkono. Lakini paa lilitushinda. Mabega yaliuma, na zaidi ya hapo, gari liling'aa kivulini ila juani mikwaruzo ya miaka ilibaki pale pale, duara kwa duara.

Shemeji, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, ndiye aliyeleta suluhisho. Alikodi mashine nyingine kutoka gereji, ile ambayo pedi yake huzunguka na papo hapo hutikisika huku na huku, hivyo joto halijikusanyi mahali pamoja. Akaiweka miguuni pa Mjomba. "Shikamoo, Mjomba. Nifundishe."

Mjomba aligawa boneti katikati kwa tepu ya karatasi. Kushoto akasugua mwenyewe kwa mkono, kulia akamwachia mwanafunzi wake. Akamwekea masharti: tepu kwenye kila ukingo na kila mpira, eneo la futi mbili kwa mbili kwa wakati mmoja, pedi ilale bapa, mwendo wa mkono uwe wa taratibu, kwenda na kurudi, kisha kukatiza, pedi isafishwe kila eneo likiisha, na kila mara kiganja kiguse bati, likiwa la moto kazi inasimama. Umeme ulikatika katikati ya kazi, Shemeji akaketi akingoja, pedi mkononi, bila kulalamika.

Tepu ilipotolewa tulilisogeza gari juani. Upande wa mkono ulikuwa na mng'ao mzuri. Upande wa mashine ulikuwa na kina. Uliweza kuona majani ya mwembe ndani yake moja moja. Mjomba aliangalia kwa muda, akasema, "Sehemu bapa zote mpe mashine. Mikunjo yote niachie mimi." Ndivyo tulivyomaliza. Mwisho tukapaka nta, ile inayotokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi uitwao karnauba, ili jua na chumvi vianze na nta kabla ya kuifikia buluu.

Mkunjo wa buti ulipakwa na fundi wa mtaani. Alijitahidi, ila buluu mpya haijafanana na ya zamani, na ukisimama pembeni unauona mstari. Bibi harusi alitoka kwa gari la baba yake, kama Mama alivyoamuru.

Msomaji uliye na gari linalopauka uani, usilikatie tamaa na usilikimbilie na mashine. Lioshe, kisha sugua mahali padogo kwa kitambaa cheupe ujue kama lina klia au halina. Anza na dawa iliyo laini kuliko zote. Ikitosha, ishia hapo. Mashine ikihitajika, tumia ya kung'arishia rangi, kamwe si ya kukatia chuma, na kingo ziachie mkono. Ukimaliza paka nta, tena uirudie kila baada ya miezi michache, na ulitafutie gari kivuli kisicho na kunguru. Rangi ya kiwandani hupewa gari mara moja tu, na iliyobaki juu ya bati lako ndiyo yote uliyo nayo.