Utangulizi wa Elimu ya Orijino na Feki katika Vitu vya Kuchezea, kwa Mifano ya Gisenyi

Kitu cha kuchezea chenye thamani ni kile kisichochezewa. Hiyo ndiyo fasili ya kwanza ya fani hii, na asiyeikubali hawezi kuvuka kwenda ya pili, isemayo kwamba orijino ni kile kilichotengenezwa na mwenye haki ya kukitengeneza, na feki ni kile kilichotengenezwa na mwingine, mara nyingi katika mji uleule na pengine kwa mashine jirani. Mtoto hajui fasili hizi, na ndiyo sababu maoni yake hayahesabiwi popote katika somo hili.

Gisenyi imejaaliwa kuwa maabara ya elimu hiyo. Mji huu wa Rwanda umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, umebanana na Goma ya Kongo kiasi kwamba kuku akivuka mtaa amebadili nchi, na kila kinachouzwa upande huu hukaguliwa na macho ya upande wa pili. Bidhaa ya Guangzhou hushushwa Dar es Salaam au Mombasa, ikapanda hadi Kigali, kisha ikazungushwa kilomita mia na hamsini na ushee za kona na milima, na hadi inafika sokoni imepita mipaka mingi kuliko pasipoti ya mtaalamu. Mtaalamu anayetajwa hapa ni mwasisi wa fani yenyewe na, hadi sasa, mwanafunzi wake pekee aliyefaulu. Vijana wa Petite Barrière, kivuko cha mpakani, humwita Profesa. Hajawakataza.

Uchunguzi huanzia mwilini. Barbie, mwanasesere aliyeonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York tarehe 9 Machi 1959, huwa na maandishi mgongoni karibu na kiuno: jina la kampuni ya Mattel, na mwaka. Mwaka huo umewaangusha wengi. Wanasesere chungu nzima waliotoka viwandani miaka ya 1980 na 1990 wameandikwa 1966, kwa kuwa 1966 ni mwaka wa hakimiliki ya umbo la kiwiliwili, si mwaka wa kuzaliwa kwa mwenye kiwiliwili. Muuzaji anayemgeuza mwanasesere kifudifudi na kusema, "Huyu wa kale, soma mwenyewe, sitini na sita," hadanganyi. Anasoma hati ya kiwanja akidhani ni cheti cha kuzaliwa. Tena ndani ya ukingo wa shingo mara nyingi huandikwa 1976, mwaka wa umbo la kichwa, hivyo Barbie aliyenunuliwa dukani mwaka 1990 ana kichwa kidogo kwa miaka kumi kuliko tumbo lake. Hali hiyo Profesa ameipa jina la Tofauti ya Shingo, na amependekeza ifundishwe shule za msingi.

Baada ya mwili huja sanduku, na hapa ndipo Gisenyi ilipoipindua elimu ya dunia. Wakusanyaji wa Marekani na Ulaya huamini kwamba sanduku lisilofunguliwa ni sehemu kubwa ya thamani. Gisenyi sanduku lisilofunguliwa ni sehemu kubwa ya ushahidi wa mashtaka. Kinachong'aa ndani ya plastiki, kikiwa na betri zake na harufu ya gundi, kimetoka moja kwa moja kwa mwigaji. Orijino huja ndani ya robota la caguwa, yaani mitumba, neno ambalo Kinyarwanda kilichagua kutoka kwa chagua ya Kiswahili: imekandamizwa chini ya makoti ya watu wazima, nywele zimesokotana, mguu una alama za meno ya mtoto wa Antwerp. Kipya ni feki, kikuukuu ni orijino. Wauza viatu wameijua kanuni hiyo tangu zamani, na mteja anayeuliza "hiki ni cha caguwa?" kwa sauti ya matumaini anathibitisha. Profesa anaiita Kanuni ya Jicho Moja, kwa sababu mwanasesere mwenye macho yote mawili humtia shaka. Mwaka 2016 Rwanda ilipopandisha ushuru wa nguo za caguwa kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, wachumi walizungumzia viwanda vya nguo. Profesa aliona jambo kubwa zaidi: serikali imekubali hatimaye kwamba uhalisi unaweza kupimwa kwa mizani.

Nasaba ni sura inayoleta aibu, kwa hiyo itapitwa upesi. Barbie mwenyewe alichukuliwa umbo kutoka kwa Bild Lilli, mwanasesere wa Ujerumani aliyeanza kuuzwa mwaka 1955. Mattel ilinunua haki za Lilli mwaka 1964, miaka mitano baada ya Barbie kuingia sokoni, kama bwana aliyeoa kwanza na kuleta mahari watoto wakiwa wanatembea. Tofali la Lego nalo lilifuata tofali la Kiddicraft, la Mwingereza Hilary Fisher Page. Lego ilianza kutengeneza lake mwaka 1949, ikaomba hataza ya lile linaloshikana vizuri tarehe 28 Januari 1958, na haki za Kiddicraft ikazinunua mwaka 1981. Fani hii ina neno la staha kwa visa vya namna hiyo: feki iliyolipa. Feki ikishalipa huwa orijino, na ikishakuwa orijino huajiri mawakili.

Mawakili hao hawashindi kila mara. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba umbo la tofali la Lego haliwezi kuwa alama ya biashara, kwa kuwa umbo hilo ndilo linalofanya kazi ya kushikana. Maana yake ni kwamba tofali la mtu mwingine linalonasa barabara juu ya tofali la Lego halina hatia kwa kunasa tu. Hatia huja mtu anapochukua seti nzima, picha, sanduku na nembo, akabadilisha herufi mbili tatu. Waliofanya hivyo kwa jina la Lepin walihukumiwa Shanghai mwaka 2020, na kiongozi wao akapewa kifungo cha miaka 6. Kwa mchunguzi wa sokoni inatosha kuangalia vifundo vya juu: tofali la Lego limeandikwa jina juu ya kila kifundo, kwa herufi ndogo ambazo Profesa huzisoma kwa kidole, kwani miwani yake aliinunua palepale sokoni, ikiwa mpya, ndani ya sanduku.

Kwa Labubu elimu imehamia mdomoni. Kikaragosi hiki chenye masikio ya sungura na kicheko cha mdaiwa kilibuniwa na msanii Kasing Lung mwaka 2015, kikaanza kutolewa na kampuni ya Pop Mart ya Beijing mwaka 2019. Mwezi Juni 2025 kimoja chenye kimo cha sentimita 131 kilinadiwa Beijing kwa yuani milioni 1.08, na tangu hapo hakuna anayecheka akisikia habari za meno yake. Yanapaswa kuwa 9. Feki, ambazo walimwengu wamezibatiza Lafufu, ziliwahi kutoka na pungufu au ziada, na Profesa alikuwa akiyahesabu kwa njiti ya kiberiti. Bahati mbaya mwigaji naye alijifunza kuhesabu hadi tisa. Ikabidi uhalisi uhamie kwenye msimbo wa sandukuni, na kwa matoleo ya karibuni kwenye alama iliyo chini ya unyayo, isiyoonekana ila kwa taa ya zambarau. Taa hiyo si ngeni kwa watu wa mpakani, ndiyo inayokagua noti za dola. Mbadilishaji fedha mmoja aliiazimisha kwa dakika tano, sharti alindiwe foleni.

Matokeo ya utafiti huo ni kwamba kila Labubu aliyewahi kupita mikononi mwa Profesa alikuwa feki. Pop Mart haina duka Gisenyi, kwa hiyo Profesa hajawahi kushika orijino hata moja, na ni kwa sababu hiyo hasa kwamba hajawahi kukosea.

Inabaki chukudu. Chukudu kubwa ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha Kivu Kaskazini, hakina injini wala pedali, na hubeba mkaa, viazi na saruji kwa mamia ya kilo. Mwendeshaji hupiga goti moja juu ya kipande cha kandambili, mguu wa pili unasukuma, na kwenye mteremko hupiga kelele watu wapishe. Goma imekisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara. Chukudu ndogo ziko za aina mbili: ile iliyochongwa ikapigwa msasa kwa ajili ya wageni, nayo huwekwa juu ya kabati huko waendako, na ile ambayo mtoto ameiunda kwa mbao za sanduku ili ateremkie kilima. Ipi ni orijino? Mgongoni hakuna mwaka. Hakuna sanduku, hakuna meno, hakuna kiwanda, wala hatajwi mtu mmoja mwenye haki ya kuitengeneza, hivyo kwa fasili ya pili ama wote wana haki hiyo, ama hakuna.

Mafundi wanaotengeneza chukudu wana kipimo chao. Huigeuza kichwa chini na kuzungusha gurudumu kwa kidole. Gurudumu likigoma kwa sababu limegandishwa kwa gundi, fundi huirudisha na kusema, "Hii feki." Likizunguka, huweka jiwe juu, akaisukuma, akaangalia inafika wapi. Ile ya mtoto, mbovu kwa sura na yenye misumari iliyopinda, hufaulu. Ile ya kabatini mara nyingi haifaulu. Profesa amekichunguza kipimo hiki kwa muda mrefu na kukikataa, kwa kuwa kinaweza kufanywa na mtu yeyote na hakiachi nafasi ya mtaalamu.

Vyeti vya uhalisi kwa vitu vyote vilivyotajwa hutolewa karibu na mpaka, asubuhi, isipokuwa siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Mwombaji akague muhuri kabla ya kulipa. Cheti cha kweli cha Profesa kina muhuri mwekundu. Chenye muhuri wa bluu ni feki, na anayekiuza ameketi meza ya pili kushoto.