Namna ya Kuwashinda Majirani kwa Hoja Kwenye Mkutano wa Mtaa

Tuseme unakaa bondeni, Mkolani jijini Mwanza. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kutoka kwenye mawe ya mlimani na kuingia sebuleni bila kupiga hodi. Unataka mtaa uchimbe mtaro. Wenzako wa bondeni walishakubali zamani, kwa hiyo usiwapotezee muda. Wa kuwashawishi ni wale wa juu, ambao mvua haijawahi kuwalowesha hata ndala.

Kazi ianze wiki kadhaa kabla ya mkutano. Aristotle, yule Mgiriki aliyeandika kuhusu ushawishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitaja nguzo tatu: mwenendo wa msemaji, hisia za msikilizaji na mantiki ya hoja. Hiyo ya kwanza haipatikani siku ya mkutano. Inajengwa msibani, na kwenye michango uliyotoa bila kufuatwa mara tatu. Mtu asiyewahi kubeba hata kiti cha msiba akisimama kuhubiri umoja, watu wanatoa simu mfukoni.

Siku ikifika, msalimie mwenyekiti, waamkie wazee. Kama ni alasiri, "mwadila" moja ya heshima, salamu ya Kisukuma, hufungua masikio kuliko "itifaki imezingatiwa." Kisha taja unachotaka mapema. Wasukuma wanalijua hili kupitia ngoma za Bagika na Bagalu: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mtazamaji aliyechoka habishani na mtu, anahamia upande wa pili. Dakika tano za utangulizi zinatosha kuuhamishia mkutano mzima upande wa pili.

Ukikosa mpangilio, azima wa Mwalimu Nyerere. Tarehe 2 Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, aliwaambia Watanzania kwamba uwezo upo, sababu ipo na nia ipo. Alijibu maswali matatu ambayo kila msikilizaji alikuwa nayo kichwani. Nawe jibu hayohayo. Uwezo: sururu na majembe yapo, kila kaya itoe mtu mmoja. Nia: Jumamosi saa moja asubuhi utakuwa wa kwanza kufika, na sururu yako mkononi.

Sababu ndiyo ngumu, maana yako siyo yao. Usiwaeleze wa mlimani habari za zulia lako. Waambie hivi: "Mama, maji yanayokata barabara huku chini ndiyo yanayomzuia bodaboda kupanda kwako saa nane usiku, mjukuu akiwa na homa." Hapo nyamaza kidogo. Ukiongeza gharika ya Nuhu umeharibu.

Njoo pia na kitu cha kuonyesha. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu mwenyewe aliitafsiri kwa jina la Juliasi Kaizari, Brutus anatoa sababu zake, anapigiwa makofi, anaondoka. Antony anabaki na umati, anawaonyesha vazi la Kaizari lililotobolewa kwa visu, na mji unageuka. Kwa hiyo usiondoke kabla kikao hakijafungwa, na ubebe fimbo yenye alama ya tope pale maji yalipofika sebuleni kwako, usawa wa goti. Lakini kumbuka kwamba umati huohuo ulikwenda kumuua mshairi Cinna kwa kuwa tu alikuwa na jina la mmoja wa wauaji. Ukiamsha hasira za watu bila ushahidi, huwezi kuzirudisha.

Kuna mtu atasema: "Huyo ni mpangaji tu, anajua nini?" Hapo hajagusa mtaro, amekugusa wewe. Usimrudishie. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi waliotimiza miaka 18, wenye nyumba na wapangaji. Mjibu kwa upole, "Kaka, maji hayaulizi mkataba wa pango," kisha rudi kwenye mtaro papo hapo. Akiwa na hoja ya kweli, kwa mfano kwamba mtaro utamwaga maji uani kwake, ikubali mbele ya watu na mwombe mkapime naye. Mpinzani aliyeshika kamba ya kupimia hapingi tena kwa urahisi.

Mkikubaliana, usikimbilie kushangilia. Msogelee mtendaji uhakikishe ameandika kwenye muhtasari nani atachimba, wapi na lini. Kisichoandikwa kitajadiliwa upya mkutano ujao, na mvua haitasubiri.